Sura ya Tisa: Pengo Lisilorukika

Ukungu ulikuwa bado umeikalia Newala Inspekta Elineema alipoomba mtuhumiwa atolewe mahabusu. Koplo Ziada alimleta akiwa peku, amejikunyata ndani ya koti la bodaboda ambalo zipu yake ilikatika siku wananchi walipomkamata. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufumba.

"Kaa, Cuthbert. Nieleze tena."

"Nimeshaeleza, afande. Nimeeleza mpaka nimechoka."

"Mimi hujanieleza."

Elineema alikuwa Mpare, aliyehamishiwa idara ya upelelezi Masasi miaka michache iliyopita, na kesi hii ilimfikia kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa Masasi. Dastani, kijana wa Lupaso, alikuwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Alikuja Newala kwa shangazi yake apate utulivu wa kumaliza kazi. Ijumaa asubuhi akina mama waliokwenda kuokota kuni walimkuta amekufa chini ya genge la Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda wa Wamakonde unakatika ghafla na bonde kuanza. Mchana wa siku hiyo hiyo begi lake, na laptopu ndani yake, lilikutwa nyumbani kwa Cuthbert.

"Alhamisi mchana nilimpeleka yule kaka pale Shimo," Cuthbert alianza. "Alikuwa peke yake. Akaniambia nimfuate jua likikaribia kuzama. Nikarudi. Sikumwona. Begi lilikuwa kwenye majani, karibu na ukingo. Nikaita."

"Ulimwitaje?"

"Jina lake silijui. Niliita 'bosi, bosi'. Ukungu ulikuwa umepanda, huoni hata mkono wako mwenyewe. Nikajua ameondoka na mtu mwingine, begi kalisahau. Nikaenda nalo nyumbani nimtafute asubuhi."

"Kwa nini hukulileta kituoni?"

Cuthbert alimtazama kwa jicho lake moja zima. "Afande, bodaboda akija kituoni na laptopu ya mtu, anatoka?"

Ziada aliendelea kuandika.

"Ulimwona mtu mwingine pale?"

"Nilipomshusha, hapana. Niliporudi kulikuwa na alama za tairi ya pikipiki kwenye udongo mbichi. Lakini pale wanakuja wengi. Wapenzi, wanafunzi, wapiga picha."

Elineema alifunga jalada. Mkuu wa kituo alikuwa ameshasema kesi iko wazi na jalada liende kwa mwanasheria wa serikali wiki ile. Kosa lililoandikwa juu yake lilikuwa mauaji. Nje ya geti mke wa Cuthbert alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika chupa ya uji mapajani.

"Unamwamini?" Ziada aliuliza walipokuwa wakishuka uwandani kuelekea Masasi, taa za gari zikiwa zimewashwa ingawa ilikuwa asubuhi.

"Mwizi anayemsukuma mtu gengeni achukue begi, angeiacha simu mfukoni mwake?"

Simu ya marehemu ilikutwa mfukoni, imepondeka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Elineema hakulipenda. Daktari alikuwa ameandika kwamba Dastani alivunjika nyonga na mguu, akavuja damu ndani kwa ndani hadi kuzimia, lakini hakufa jioni ile. Alikufa kuelekea alfajiri.

"Saa zote hizo alikuwa hai," Ziada alisema.

"Ndiyo."

Vilima vya mawe vya Masasi vilijitokeza mbele yao, vyeusi kwa manyunyu.

*

Laptopu ya Dastani ilikuwa imehifadhiwa kama kielelezo, na nakala ya vilivyokuwemo alikabidhiwa Mwalimu Wilhelmina, mwalimu wa kompyuta katika shule moja upande wa Chidya. Ndiye aliyemfundisha Dastani tangu akiwa mwanafunzi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Kaeni nyuma yangu," alisema. "Huu ndio mchezo wenyewe."

Kwenye skrini alisimama msichana mdogo mwenye ndoo kichwani, akionekana kwa ubavu, juu ya mwamba. Mchezo wote ulikuwa safari yake ya kushuka bondeni kuchota maji na kuyapandisha juu ya uwanda, kama bibi zao walivyofanya. Hakukuwa na mbele wala nyuma, kulia na kushoto tu, na juu na chini.

"Yeye alitengeneza nini hasa?" Elineema aliuliza.

"Mwendo. Picha zilichorwa na mwenzake, Justin. Dastani ndiye aliyemfanya msichana atembee." Mwalimu alibonyeza mshale wa kulia na msichana akaanza taratibu, kisha akakimbia. "Kompyuta inajiuliza maswali yale yale mara nyingi kila sekunde. Mshale umebonyezwa? Basi ongeza kasi kidogo. Umeachiwa? Punguza. Miguu imegusa mwamba? Kama haijagusa, mvute chini, na kila mara mvute kwa nguvu zaidi. Kitufe cha kuruka kimebonyezwa? Kama miguu imegusa mwamba, mrushe juu. Kama haijagusa, usimsikilize."

"Usimsikilize nani?"

"Mchezaji. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Watu wanakimbia mpaka ukingoni, wanachelewa kubonyeza kidogo tu, na miguu inakuwa imeshatoka kwenye mwamba. Kompyuta inakataa, msichana anaanguka, ndoo inamwagika. Wanafunzi wangu waliocheza nakala ya zamani walijifunza kuruka mapema, hatua moja kabla ya ukingo. Jaribu mwenyewe, afande. Lakini hii ni nakala ya Newala."

Elineema alikaa. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini mapengo mawili ya kwanza aliyaruka. La tatu lilikuwa pana. Aliruka kutoka ukingoni kabisa na msichana akaanguka. Alijaribu tena, akaanguka. Ziada, ambaye hucheza michezo ya simu akiwa zamu, alimwomba ampishe. Naye akaanguka, akaanguka, akasonya.

"Halirukiki hili."

"Linarukika," Mwalimu alisema. "Nami nilianguka mpaka nilipofungua msimbo, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta, na kuusoma. Dastani alikuwa ameongeza msamaha. Miguu ikishatoka kwenye mwamba, kompyuta inajifanya haijaona kwa kitambo kifupi. Katika kitambo hicho bado unaweza kuruka. Kwa majaribio aliurefusha sana, kisha akalipanua pengo hili ili kuupima. Tazameni."

Alimkimbiza msichana. Ukingo ulifika, na mwalimu hakubonyeza kitu. Msichana alitoka nje ya mwamba, akapiga hatua mbili juu ya hewa tupu, ndoo ikiwa imetulia kichwani, na hapo ndipo kidole cha mwalimu kiliposhuka. Akaruka, akatua ng'ambo.

Ziada alishusha pumzi.

"Mtu anaweza kubahatisha?" Elineema aliuliza.

"Baada ya kuanguka sana, labda. Mara ya kwanza, hapana. Niliwaita wanafunzi waliozoea nakala ya zamani. Hao ndio walioanguka zaidi, kwa sababu wamezoea kuruka mapema."

"Na aliyabadilisha haya lini?"

"Alhamisi. Siku ile ile. Alizoea kuipandisha kazi yake kwenye mtandao niione, na ya mwisho kuipandisha ilikuwa Jumatatu, bado mwendo wa zamani. Hii iko ndani ya laptopu tu."

Elineema alisimama, akaitazama skrini ambayo msichana alikuwa amesimama ng'ambo ya pengo, kifua kikipanda na kushuka kana kwamba anapumua.

"Naomba hiyo nakala, Mwalimu. Na naomba usimweleze mtu yeyote tulichozungumza hapa."

*

Justin alifika kituo cha Masasi jioni ile, moja kwa moja kutoka duka la steshenari alikokuwa akichora kadi za harusi na mabango. Alikuwa kijana mwembamba, shati safi, mkononi kitambaa cheusi cha msiba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Justin. Pole kwa kufiwa."

"Tumeshapoa. Mama Dastani ndiye bado."

"Nimeambiwa umekuwa ukilala msibani."

"Ni nyumbani kwangu pale. Mimi na Dastani tumekulia uwanja mmoja."

Elineema alimvutia kiti. Kwenye meza kulikuwa na kompyuta, imezimwa. Ziada alikuwa pembeni na kalamu yake.

"Nataka unisaidie. Kompyuta hizi mimi sizijui. Ulimwona Dastani lini mara ya mwisho?"

"Kabla hajaenda Newala. Wiki kadhaa sasa."

"Hukumfuata huko?"

"Kazi zilinibana. Tulikuwa tunapigiana simu tu."

"Siku aliyokufa?"

"Nilikuwa hapa Masasi. Nilikuwa najisikia homa, sikufungua duka. Nililala."

"Ulilala peke yako?"

"Peke yangu."

"Na kazi aliyoifanya Newala, alikutumia uione?"

"Ya Jumatatu aliipandisha, niliiona. Baada ya hapo sijaona kitu. Mtandao ulimsumbua."

"Kwa hiyo alichokitengeneza baada ya Jumatatu hukijui."

"Sikijui, afande. Ningependa kukiona. Ndiyo kazi yake ya mwisho."

"Nitakuonyesha." Elineema aliwasha kompyuta. "Tumeipata ndani ya laptopu yake. Mchezo unanishinda. Nataka uucheze nione ulivyokusudiwa, kwa sababu wakili wa huyu bodaboda anaweza kuuliza laptopu ilikuwa na nini."

Justin aliivuta kibodi karibu. Alipomwona msichana aliyemchora, uso wake ulikunjamana kidogo, akaukunjua. Vidole vikakaa mahali pake vyenyewe. Pengo la kwanza, la pili. Msichana akaliendea la tatu mbio, akafika ukingoni, akatoka nje ya mwamba. Hatua moja hewani. Hatua ya pili.

Kidole gumba kikashuka. Msichana akaruka, akatua ng'ambo.

Kalamu ya Ziada ilisimama.

"Rudia hapo," Elineema alisema kwa upole.

Justin alirudia. Hakukosea.

"Kwa nini hukubonyeza ukingoni?"

"Ndivyo linavyorukwa."

"Nani alikwambia?"

Mkono wa Justin ulitoka kwenye kibodi na kushuka mapajani.

"Mimi nimeanguka hapo," Elineema alisema. "Koplo Ziada ameanguka. Mwalimu Wilhelmina aliyekufundisha ameanguka mpaka alipofungua msimbo. Katika nakala ya Jumatatu, ukingoja mpaka miguu itoke mwambani, kompyuta haikusikilizi, unakufa. Wewe hukuwa na hofu hata kidogo. Hatua mbili hewani, kana kwamba unavuka barazani. Pengo hili Dastani alilitengeneza Alhamisi, Newala, siku aliyokufa. Aliyeonyeshwa jinsi ya kuliruka alionyeshwa siku hiyo."

"Nimecheza michezo mingi, afande. Mambo haya yapo kwenye michezo mingi."

"Huenda. Mahakama inaweza kukubaliana nawe, na mimi sitakwenda mahakamani na ushahidi wa kidole gumba tu. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza, kabla sijawauliza majirani zako kama ile pikipiki ya kaka yako unayoiazima ilishinda uani Alhamisi." Alisogeza kiti. "Nawe sikiliza. Kuanzia sasa nakuhoji kama mtuhumiwa. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika dhidi yako. Unaruhusiwa kuwa na wakili au ndugu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka aitwe mtu?"

Justin alitikisa kichwa. Nje, mvua ndogo ilianza kugonga bati. Elineema akasema, "Yule bodaboda anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Wananchi walimpiga, jicho limefumba. Na daktari anasema Dastani hakufa jioni ile."

"Najua," Justin alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, na mara tu lilipotoka alilisikia. Akauinamisha uso juu ya meza.

"Unajuaje?"

"Aliniita."

Ziada alianza kuandika tena, polepole.

"Alinipigia asubuhi," Justin alisema bila kuinua uso. "Alifurahi. Alisema ameupata mwendo, nije nione. Nikachukua pikipiki ya kaka. Tulikaa pale kwenye majani, akanionyesha pengo, tukacheza, tukacheka. Tatizo lilikuwa picha zangu. Msichana akiruka alionekana anaelea, miguu yangu haikwenda na mwendo wake. Dastani akasema tumrekodi mtu akiruka kweli, nichore kutoka kwenye video. Yeye akaruka, mimi nikarekodi kwa simu yangu."

"Nani alichagua mahali?"

Justin aliinua uso.

"Mimi. Nyuma yake kulikuwa na vichaka, miguu haikuonekana. Nikamwambia asogee ukingoni, nyuma yake kuwe na anga tupu. Akaruka, vizuri. Nikamwambia arudie, magoti sikuyapata. Akarudia. Majani yalikuwa yamelowa."

"Akaanguka."

"Hakupiga hata kelele. Nilisikia mawe. Kisha kimya. Kisha akaita jina langu."

"Alisema nini?"

Justin alijifuta kwa kitambaa cheusi. "Alisema, 'Justin, nimevunjika mguu. Shuka unitoe. Lakini shuka polepole, kuna utelezi.'"

Ziada aligeuza ukurasa.

"Ukashuka?"

"Nilianza. Ukungu ukaja, sikuona pa kukanyaga. Nikawaza wataniuliza nani alimwambia asimame pale. Nikapanda tena juu. Nikamwambia naenda kuita watu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilipiga kelele. Akaitikia, 'Sawa.'"

"Ukaita watu?"

"Nilipofika kwenye lami, nilishika njia ya Masasi."

"Ulipita mbele ya nyumba ngapi kabla ya kufika lami?" Ziada aliuliza ghafla. Haikuwa kazi yake kuuliza, lakini Elineema hakumzuia. Justin aliuinamisha tena uso.

"Ulirudi?" Elineema aliuliza.

"Nilisema nitarudi asubuhi. Asubuhi nikasikia amekwisha kuonekana."

"Na Cuthbert?"

"Nilijua watamwachia. Hana kosa, nikasema watamwachia tu."

"Video?"

"Niliifuta."

Elineema aliichukua simu ya Justin, akaitia kwenye bahasha mbele yake, akaandika na kusaini. Mafundi wa makao makuu huenda wakaipata video, huenda wasiipate. Justin alitia saini maelezo yake kwa mkono wa mchoraji, kisha akaomba maji.

*

Cuthbert aliachiwa kesho yake asubuhi. Mke wake hakumshukuru mtu. Alimshika mkono tu akamwongoza, kwa kuwa upande mmoja hakuona vizuri. Mkuu wa kituo hakutoka ofisini.

Kutoka hapo Elineema na Ziada walikwenda Lupaso. Mikorosho ilikuwa imeinamia njia, inatiririsha maji. Kwa Mama Dastani msiba ulikuwa umeshapungua watu. Yalibaki majamvi mawili barazani na sufuria kubwa za kuazima zikingoja kurudishwa. Evelina, mama mwenyewe, alikuwa akichambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Justin alisema angekuja kurudisha sufuria, sijui kapatwa na nini."

Elineema alikaa kwenye jamvi. Alikuwa amepeleka habari mbaya kwenye nyumba nyingi, na alijua hakuna namna nzuri ya kuianza, kwa hiyo aliieleza kama ilivyokuwa: video, ukingo, majani yaliyolowa, pikipiki iliyoshika njia ya Masasi. Mikono ya Evelina iliendelea kuchambua hadi katikati ya maelezo, kisha ikatulia juu ya choroko.

"Justin ndiye aliyeshuka kaburini," alisema. "Alimpokea upande wa kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini mwanangu? Huko chini."

Ziada aliinamisha macho. Elineema angeweza kusema hajui. Lakini maelezo yangesomwa mahakamani mbele ya watu, na mama huyu angekuwa ameketi pale.

"Alisema amevunjika mguu. Akamwambia mwenzake ashuke, lakini ashuke polepole, kwa sababu kuna utelezi."

Midomo ya Evelina ilikuwa inayarudia maneno yale bila sauti. Machozi hayakuja. Aliuweka ungo chini, akaufunika kwa kipande cha khanga kuku wasije wakala.

"Mama yake Justin mmeshamwambia?"

"Bado. Tunatoka hapa tunakwenda kwake."

"Dorothy ana presha," alisema. Alijishika ukuta akasimama, akafunga khanga kiunoni. "Ningojeni nitafute viatu. Asiambiwe na polisi."